Pa kulala bure, kwanza piga hodi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotaka kusafiri na hema lakini hawana fedha za kulipia kiwanja cha kambi kila usiku. Wengi wanaoniuliza huanza na programu ya simu ya kutafutia pa kulala: ipi nzuri, ipi ina alama nyingi kwenye ramani? Hizo nazitumia pia, ila si za kuanzia.

Nimesafiri kwa baiskeli na hema dogo miaka kumi na moja. Usiku ulionifunza ulinikuta Uingereza. Giza lilishaingia nilipoona shamba tupu nyuma ya ua wa miti, nikajipenyeza nikasimamisha hema. Saa sita usiku nikamulikwa tochi. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kunifukuza, kwa kuwa karibu England yote lazima uwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Dartmoor, nyika ya kusini magharibi, ni kati ya sehemu chache ambako sivyo, na hata huko haki hiyo ilibishaniwa mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Mei 2025. Nilikunja hema mikono ikitetemeka.

Kesho yake, jua likiwa bado juu, nilibisha mlango wa mkulima mwingine. Nilimwambia niko peke yangu, hema ni moja, siwashi moto, na asubuhi mapema nitakuwa nimeondoka. Akanionyesha kona nyuma ya ghala na bomba la maji. Tangu siku hiyo natafuta pa kulala saa mbili kabla ya giza, kwa sababu mtu anayegonga mlango usiku humtia hofu mwenye nyumba, na hofu haitoi ruhusa.

Kuna nchi ambako sheria yenyewe imekwisha kukufungulia. Norwei ina sheria ya mwaka 1957: kwenye ardhi isiyolimwa unaweza kulala hadi siku mbili bila kuomba, mradi uwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Scotland ilitoa haki kama hiyo mwaka 2003, lakini ni kwa hema, si kwa anayelala ndani ya gari. Marekani, kwenye ardhi kubwa za umma za majimbo ya magharibi, kwa kawaida unaruhusiwa siku 14 bure. Choo hakuna, maji unabeba mwenyewe. Huko nilijifunza kupiga simu ofisi ya misitu kabla ya kwenda. Ramani iliniambia mahali pako wazi, afisa akaniambia pamefungwa kwa hatari ya moto.

Penye kulipa, tafuta pa nafuu. Ufaransa miji midogo mingi ina viwanja vya kambi vya halmashauri. Hifadhi za jimbo la Oregon, Marekani, hutenga sehemu za wanaokuja kwa miguu au baiskeli, kwa bei ya chini kuliko za magari.

Linaloniuma zaidi ni uchafu. Nimefika kando ya maziwa nikakuta makopo, majivu na karatasi za chooni chini ya kila mti. Ziwa la Loch Lomond, huko huko Scotland kwenye sheria pana, tangu 2017 sehemu za ufukweni zinahitaji kibali kuanzia Machi hadi Septemba, na chanzo ni uharibifu wa wapiga kambi. Ndugu zangu, choo cha porini ni shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, kisha unalifukia. Karatasi rudi nayo. Msilale kwenye mkondo mkavu wa mto hata kama mchanga wake ni laini, maana mvua ya mbali hufika usiku bila taarifa. Na tazameni juu kabla ya kutandaza hema: tawi lililokauka halingoji upepo mkubwa.

Mimi hubeba karatasi yenye sentensi nne kwa lugha ya ninakokwenda: habari za jioni, naomba kusimamisha hema usiku mmoja tu, ni wapi sitakusumbua, nitaondoka asubuhi na takataka zangu. Ya Kifaransa imechanika kwenye mikunjo, nimeiandika upya mara tatu.

Wakatabahu,
Msafiri wa baiskeli