Kwa mdogo wangu wa mapokezi ya hoteli, Paje, Unguja

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Naiweka hapa hadharani badala ya kukutumia kwenye simu, kwanza kwa sababu voisi zangu unazisikiliza nusu, na pili kwa sababu haya yako ndiyo ya wenzako wote wa mahotelini, wa jikoni, wa mapokezi na wanaotandika vitanda. Wewe ukikaidi, huenda mmoja wao akafaidika.

Umenambia ukitoka shifti huna hamu hata ya kula. Unajilaza na simu mpaka saa saba usiku, na asubuhi shingo imekaza kama hukulala. Nikakwambia ufanye mazoezi, ukacheka: "Dada, nasimama saa nane kwa siku, mazoezi gani tena?"

Swali lako lina jibu. Kusimama si kutembea. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi ni moja, mji ni mmoja, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Sasa jiangalie wewe hapo kaunta: hukai, na ngazi pia hupandi. Miguu inavimba, moyo haujapata kazi.

Na kuna jambo jengine, ambalo kwa kazi yako ndilo kubwa zaidi. Mgeni kafika, chumba hakijawa tayari, anakupandishia sauti mbele ya watu. Mwili wako haujui habari za chumba. Unachojua ni kwamba umeshambuliwa: adrenalini, homoni ya mshtuko, inamwagika, moyo unakwenda mbio, sukari inaingia kwenye damu, misuli inakaza, kila kitu tayari kwa kukimbia au kupigana. Nawe hukimbii wala hupigani. Unatabasamu na kumletea juisi. Ngalawa imetwekwa tanga, upepo umejaa, na nanga bado iko chini. Kabla hujapoa anakuja wa pili, na baada yake meneja anauliza kwa nini wa kwanza amelalamika.

Ndiyo maana kujilaza na simu hakukupumzishi. Ule utayari wote haukutumika, umebaki shingoni na kwenye taya. Ukitembea kwa kasi nusu saa, mwili unapata kile ulichojiandalia, kisha unatulia, na utulivu huo hukaa saa kadhaa. Ukizoea wiki kwa wiki, usingizi unakuwa mzito zaidi na moyo unajifunza kurudi chini upesi baada ya kushtuka. Simaanishi hutokasirika. Utakasirika, ila hutolala nayo.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Gawa kwa siku tano, ni nusu saa. Wastani maana yake unaweza kuzungumza na mwenzio lakini huwezi kumwimbia taarabu. Na tangu mwongozo wao wa 2020, hata vipande vifupi vya chini ya dakika kumi vinahesabika, kwa hiyo usinambie huna nusu saa nzima. Yale mambo ya kunyanyua vyuma yaache kwanza. Kuchuchumaa na kuinuka, na kusukuma ukuta kwa mikono, vinatosha kuanzia, siku mbili kwa wiki.

Hapa nataka unisikilize vizuri, maana huko uliko una kitu ambacho sisi wa mjini hatuna. Pwani ya Paje maji yakitoka, yanatoka kweli, na mchanga unaobaki ni mgumu na tambarare mpaka Jambiani. Angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa usiku wa manane kuelekea alfajiri na kutoka kabisa asubuhi kama saa nne. Ukiwa na shifti ya mchana, hiyo ndiyo yako: toka saa mbili au saa tatu, yakiwa bado yanavuta. Wiki inayofuata ni maji mafu. Hayaendi mbali, lakini yanapwa alasiri, kwa hiyo ukitoka kazini saa tisa unasali Alasiri, unakunywa maji, unaingia ufukweni. Kila siku wakati wa maji unasogea mbele karibu dakika 50, nawe sogea nao. Nimeona ratiba nyingi za mazoezi zilizoandikwa na watu wa nchi za baridi, kila siku saa kumi na mbili kamili bila kukosa. Ratiba hizo ukizileta pwani ya mashariki utajikuta unakimbia majini hadi magotini.

Ukiwa na shifti ya usiku, lala kwanza. Usijilazimishe kukimbia na macho mekundu. Miezi ya kaskazi jua linachoma mapema, basi kivuli na maji. Ramadhani punguza: mwendo wa taratibu kabla ya futari, au baada ya tarawehe ukiwa na nguvu.

Najua utakalolileta baada ya hapo. Watu watasemaje, msichana wa watu anakimbia mbele ya wazungu? Nani kakwambia ukimbie? Tembea, na mtandio wako, na treki suti pana au dira jepesi, na mwenzio wa kazini ubavuni, ambaye pia atakusaidia usiache. Akina mama wa mwani wako hapo hapo miaka na miaka, wanaingia bahari ikipwa na kutoka ikijaa, na hakuna anayewauliza wamefuata nini. Huku mjini vikundi vya mazoezi vina wanawake wa umri wa mama yetu, hijabu kichwani na raba miguuni, wanaitikia nyimbo barabarani alfajiri. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya Unguja na Pemba vinakutana kwa Siku ya Mazoezi, na viongozi wa nchi wamo. Kwa hiyo la watu watasemaje limeshapitwa na wakati.

Sasa nikwambie na lisilotibika kwa raba. Ukipangiwa shifti mbili mfululizo na ofu yako ikaliwa kila wiki, hilo si la kutembea ufukweni, hilo ni la kuzungumzwa na wakubwa wa kazi, kwa karatasi na tarehe, na usilizungumze peke yako. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lenyewe liliutaja uchovu wa namna hii kuwa jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa wa mfanyakazi. Mazoezi yatakupa kifua cha kulisema hilo bila kulia. Kazi ya mazoezi inaishia hapo. Na usingizi ukikataa wiki kadhaa, au kifua kikabana, nenda hospitali. Usingojee mwezi uandame.

Ofu ya Jumapili ikisalimika, panda gari ya asubuhi uje. Baada ya Alasiri tutakwenda Maisara tuzunguke uwanja, kisha urojo juu yangu. Mama anataka umletee pweza, mkavu, si wa juzi. Na uje na raba, zile kandambili ziache huko huko.

Dada yako