Barua kwa wazazi: filamu za watoto kuhusu familia zilivyofika Mombasa

Kwa wazazi na walezi wa Gredi ya 8,

Salamu sana. Ripoti za masomo watakuja nazo watoto siku ya kufunga shule, kwa hivyo barua hii naiachia jambo moja tu: filamu za hali halisi walizotengeneza muhula huu kuhusu jinsi familia zao zilivyohamia Mombasa. Kila kundi la watoto watano lilipewa kazi ya kutoa dakika nane. Filamu zimetoka, ila nyingi haziko tayari kuoneshwa, na marekebisho yatafanyika majumbani kwenu likizo hii.

Kilichotuangusha ni sauti. Picha za simu zinatosha kabisa, lakini simu ikikaa mita mbili kutoka kwa bibi anayezungumza, hunasa kwanza feni ya dari, kisha friji, kisha tuktuk za nje, na bibi mwenyewe mwisho. Taarab iliyowekwa chini ya maneno haikuificha feni hata kidogo. Dawa yake ni maikrofoni ndogo ya waya, ya kubana kwenye nguo, shubiri moja chini ya kidevu. Ikibanwa chini ya mtandio au buibui, kitambaa huisugua na kuleta mkwaruzo usiotoka tena, basi ikae juu ya nguo, hata kama itaonekana. Feni na friji vizimwe. Funguo za nyumba ziwekwe ndani ya friji hiyo hiyo, ili mtu asitoke akasahau kuiwasha samaki wakaharibika. Simu iwe katika hali ya ndegeni, maana ikipigwa, rekodi inaweza kukatika. Muda mzuri ni baada ya swala ya Alasiri, kwani hadi adhana ya Magharibi kuna zaidi ya saa mbili. Mkimaliza, wote mnyamaze sekunde 30 na kurekodi ukimya wa chumba. Ndio unaozibia mishono wakati wa kuhariri.

Mwanga ni rahisi: dirisha limwelekee msemaji usoni. Likiwa nyuma yake, uso hugeuka kivuli.

Kuhusu nafasi, video ya 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika, yaani mazungumzo ya dakika 40 ni zaidi ya GB 5. Futeni vitu kwenye simu kabla, si katikati ya kisa. Tafadhali msitume video kwa WhatsApp kama video, kwa kuwa huminywa na kupoteza ubora. Tumeni kama faili, au ikiwa kubwa mno, mtoto alete flashi.

Sasa maswali. "Mlikuja lini?" huzaa mwaka mmoja, na mara nyingi mwaka huo si sahihi. "Usiku wa kwanza mlilala kwa nani?", "Mlibeba nini?", "Nani alibaki nyuma?" huzaa kisa. Mzee asiyekumbuka tarehe aulizwe kama ilikuwa kabla au baada ya Uhuru wa 1963, Mapinduzi ya Unguja ya 1964, au mvua za El Niño za 1997.

Tarehe zikishapatikana zipimwe. Anayesema babu alifika kwa jahazi la tanga kutoka Mukalla, bandari ya Yemen, mwezi wa Julai, upepo unamkatalia: majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurudi na kusi. Huenda Julai ni mwezi alipopata kazi. Vilevile watoto kadhaa wameandika kwamba babu yao alijenga reli. Reli ilianza hapa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, na wengi wakarudi makwao mkataba ulipoisha. Babu aliyezaliwa Gujarat 1920 hakujenga reli hiyo. Pengine alikuja kufanya biashara ya duka, na kisa cha duka kina thamani yake. Na wenzetu Wamijikenda wanaposimulia Shungwaya, nchi ya kaskazini wanayosema wahenga wao walitoka, filamu iseme wazi kwamba hayo ni mapokeo ya ukoo. Msemaji hakuyashuhudia kwa macho yake.

Picha za zamani msizibandue kwenye albamu. Gundi huondoka na uso wa mtu. Zipigwe zikiwa humo humo, karibu na dirisha lakini kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi. Zile zisizobandikwa zigeuzwe zipigwe na nyuma, mara nyingi mhuri wa studio au maandishi ya kalamu hutoa mji na mwaka.

Ninaloliona zito kuliko yote ni idhini. Visa vya kuhama hugusa urithi, mashamba, utumwa, na hati. Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, walitambuliwa kuwa Wakenya baada ya kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016, na Wapemba wakatambuliwa 2023. Familia iliyoishi miaka bila kitambulisho ina haki ya kutotaka jambo hilo kwenye skrini. Kwa hiyo tunaomba ruhusa mara tatu: kabla ya kurekodi, baada ya kurekodi, na baada ya msemaji kuitazama filamu nzima. Akisema "toeni hapo", panatolewa bila kuulizwa sababu. Namba za vitambulisho na pasipoti zifichwe kila zinapoonekana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na fomu iko ndani ya bahasha hii. Filamu isiyo na fomu haitaoneshwa, hata ikiwa nzuri namna gani.

Maikrofoni za shule ni chache, zinaazimwa kwa siku mbili mbili. Mzazi atie sahihi kwa karani. Faili na fomu zifike wiki ya kwanza ya muhula wa tatu. Onyesho ni Ijumaa ya wiki ya nne, baada ya swala, ukumbini. Wazee wasioweza kupanda ngazi watafunguliwa mlango wa nyuma, upande wa jikoni.

Wenu,
Mwalimu Mkuu