Vivuko vya mbele ya shule vipakwe rangi kila Januari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wote wanaovuka barabara kuu ya Jinja kwenda Iganga, hasa watoto wanaoivuka kwa miguu kabla jua halijachomoza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bugembe. Wanafunzi wangu wengi hukaa ng'ambo ya pili ya lami, hivyo huvuka mara mbili kwa siku kati ya malori yatokayo Malaba na Busia, taksi zinazogombea abiria na bodaboda zinazopenya kila upande.

Mbele ya shule yetu kuna kivuko cha pundamilia, au tuseme kilikuwepo. Asubuhi moja muhula uliopita, mvua imekatika punde tu na giza halijaisha sawasawa, mtoto wa darasa la tatu alisimama pale pale tulipomfundisha, akatazama kulia, kushoto na kulia tena, kisha akaingia barabarani. Bodaboda ikampiga mguuni. Namshukuru Mungu kwamba aliponea kwenye kushonwa nyuzi chache tu za muundi. Kijana wa bodaboda hakukimbia, alimwinua mtoto mwenyewe, na nilipomuuliza kwa nini hakusimama kwenye zebra, alinitazama kwa mshangao akasema, "Mwalimu, zebra gani? Mimi hapa naona lami tu." Nilikuwa tayari kumkaripia, lakini nilipoinama nikatazama chini niliona amesema kweli.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kivuko kilichofutika naona ni hatari kuliko mahali pasipo na kivuko kabisa, kwa sababu mtoto anakijua na kukiamini, ilhali dereva hakioni. Mtoto anayevuka pasipo alama huwa na hofu, hutazama mara mbili mbili. Anayevuka kwenye mistari hutembea kwa utulivu, maana sisi walimu wake ndio tuliomwambia kuwa hapo atapishwa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kwa sekunde moja, hivyo dereva anayeitambua mistari ikiwa mita 15 mbele yake hana nafasi ya kusimama hata akitaka. Na askari wa trafiki atamshtaki vipi mtu kwa kutoheshimu alama ambayo askari mwenyewe haioni?

Si matairi peke yake yanayoifuta mistari hii. Jumapili moja alfajiri, magari yakiwa machache, mimi na mwalimu mwenzangu tulikwenda pale na ndoo mbili za maji na ufagio wa chelewa, mzee mmoja jirani akasimama na kitambaa chekundu kuwaonya madereva. Tuliposugua, mistari mitatu ilijitokeza chini ya udongo mwekundu unaoletwa na magari kutoka njia za vumbi, bado myeupe. Mingine ilikuwa imebaki vipande vya ukubwa wa kiganja, na mmoja ulikatwa na kiraka kipya cha lami ambacho aliyekiweka hakurudisha rangi juu yake.

Rangi ya kawaida ya brashi haistahimili muda mrefu kwenye barabara ya malori. Ile ya plastiki, inayoyeyushwa kwenye joto la nyuzi karibu 200 na kumwagwa ikiwa ya moto, hudumu zaidi, na juu yake hunyunyizwa shanga ndogo mno za kioo ambazo hurudisha mwanga wa taa za gari machoni mwa dereva. Shanga hizo zikitoka au zikifunikwa na tope, mstari unaong'aa saa sita mchana hupotea usiku. Ndiyo maana ukaguzi wa mchana pekee hautoshi.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya barabara ni hili. Rangi haishiki kwenye lami yenye unyevu au vumbi, na Januari kwetu ni kiangazi, watoto wako nyumbani hadi shule zifunguliwe Februari. Mwezi huo vivuko vyote vya mbele ya shule na vituo vya afya vioshwe na kupakwa upya, kisha vikaguliwe usiku kwa taa za gari kabla ya mvua za Machi. Mkandarasi anayetia kiraka asimaliziwe malipo yake kabla hajairudisha mistari aliyoikata. Kampala ilitengenezewa barabara kwa ajili ya wageni wa mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007, kwa hiyo kufanya kazi kwa tarehe tunaweza, na tarehe ya kufungua shule hutangazwa mapema kila mwaka.

Nilipopeleka barua katika ofisi inayohusika, niliambiwa kwamba fedha za mwaka huu zimekwisha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, basi kazi hii iandikwe kwenye bajeti ijayo kama kifungu chake chenyewe, isiachwe kungoja masalio. Kwa sasa walimu tunasimama kwa zamu barabarani na bendera nyekundu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mkaguzi yeyote atakayekuja nitampeleka mahali penyewe, mradi aje kabla hakujapambazuka.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Bugembe, Jinja