Simu iliyokwisha kulipwa ifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowatia hasara watu wa Kigoma, ambalo mimi kama fundi simu hapa Mwanga nakutana nalo karibu kila wiki. Nazungumzia simu zilizonunuliwa kwenye makampuni ya mitandao, ya ng'ambo na ya hapa kwetu, ambazo zikitiwa laini ya nchi nyingine zinagoma.

Majuzi alinijia mama mmoja kutoka Ujiji, simu ameivingirisha ndani ya kanga. Mwanawe anaishi Marekani. Aliitumia simu hiyo mwaka mmoja na zaidi, akanunua nyingine, hii akampa mtu aliyekuwa anakuja msibani amletee mama yake. Mama alikuwa ameshasajili laini mpya kwa alama za vidole, vocha ameweka, bando amejiunga, shida yake kumwona mjukuu kwa video tu. Nikatia laini. Simu ikawaka vizuri, ikafikiri kidogo, kisha ikaleta kidirisha kinachodai namba ya siri ya kufungulia mtandao.

"Mwanangu, imekufa?" akaniuliza.

Nikamwambia haijafa, mama, imefungwa.

"Kaifunga nani, na mwanangu kainunua kwa jasho lake?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika barua hii, maana wengi wanaamini wametapeliwa, au wanamlaumu aliyewaletea zawadi.

Kampuni ya simu ikiuza simu kwa bei ya chini, au kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, hutaka mteja abaki kwake mpaka fedha yake irudi. Basi simu huwekewa sharti. Kila inapowashwa husoma namba iliyomo ndani ya laini, siyo ile ya kupigia, bali nyingine iliyofichwa kwenye chipu. Tarakimu 3 za mwanzo za namba hiyo ni za nchi: laini ya Tanzania ina 640, ya Burundi 642, ya Kongo 630, za Marekani zinaanzia 310. Zinafuata tarakimu za mtandao wenyewe. Simu iliyoamriwa kukubali mtandao mmoja wa Marekani ikikuta 640, mlango umefungwa. Laini iwe imesajiliwa, iwe na salio la laki moja, haijali. Kukata chipu upya hakusaidii, na kufuta kila kitu na kuanza upya hakusaidii pia. Utapoteza picha zako bure.

Wapo wanaobahatisha namba za kufungulia. Nawasihi waache. Simu nyingi huruhusu majaribio machache, na yakiisha inaweza kujifunga kiasi kwamba hata namba halali ikija baadaye haiingii. Kwa iPhone kuna kile kikadi chembamba tunachokiita R-SIM, kinachobandikwa kwenye laini ili kuidanganya simu. Nimewahi kukiuza. Niliacha kwa sababu simu ikijisasisha tu mtandao unapotea, na mteja anarudi amenuna, na ana haki ya kununa. Kuna na wale wanaomwambia mteja kwamba watambadilishia IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Hilo halifungui mtandao kabisa, na ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tunakumbuka wote Juni 2016 simu zenye IMEI bandia zilivyozimwa nchi nzima. Nilikuwa na foleni ya watu kibandani wiki nzima, na sikuwa na la kuwafanyia.

Aliyeifunga ndiye mwenye ufunguo. Kwa hiyo dawa iko kule simu ilikotoka, na inapatikana kwa urahisi zaidi kabla haijapanda ndege. Hapa nawaomba ndugu zetu walioko nje wanisikilize kwa makini. Marekani kuna sheria tangu mwaka 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua, na makampuni makubwa hufungua bure mtu akitimiza masharti yao. AT&T hutaka simu iwe imelipwa yote na imekuwa hewani kwenye mtandao wao siku 60; T-Mobile hutaka siku 40 kwa wateja wa mkataba. Mwenye simu anatuma maombi pamoja na IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, anasubiri jibu. Kijana wa yule mama tulimpigia palepale kwa simu yangu. Deni alikuwa amemaliza zamani. Nilimsomea IMEI tarakimu moja moja, naye akairudia yote kabla ya kukata. Siku ya tatu mama akarudi, na mjukuu tukamwona, kavaa koti zito ndani ya nyumba.

Huyo alikuwa na bahati. Linaloniuma zaidi ni zile simu za bei nafuu za kulipia kabla, zinazoning'inia madukani kule kwenye plastiki. Ndugu anaona bei ndogo, ananunua 3, anatia kwenye sanduku la kuja Kasulu au Kibondo bila kuziwasha hata siku moja. Kampuni zinazoziuza hutaka simu itumike kwao kwanza, miezi 6 kwa nyingine, hata mwaka mzima kwa nyingine, ndipo zifungue. Simu ambayo haijawahi kulia kule haina siku ya kuhesabiwa. Nimeletewa za namna hiyo mpya kabisa, na nikalazimika kuzirudisha kwa wenyewe kama zilivyo. Heri mtu anunue moja iliyo wazi kuliko 3 zilizofungwa.

Niongeze na hili, kwa kuwa limeanza kuzidi. iPhone 14 na zilizofuata, zile zinazouzwa Marekani, hazina tundu la laini. Mteja huja na pini mkononi akisema nimtafutie pa kuchomeka. Hapana pahali. Zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi, kwa hiyo hata ikiwa imefunguliwa ni heri aende kwenye duka lenyewe la mtandao akasajiliwe kuliko kwa wakala wa barabarani.

Nchi nyingine zimekwisha kuliona jambo hili na kulimaliza. Kanada ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2017, pamoja na ada za kufungulia. Uingereza na Japani zilifanya hivyo mwaka 2021. Anayenunua simu leo London au Toronto na kumletea mama yake Kigoma, mama anatia laini na kupiga.

Sasa nije hapa kwetu, maana ni rahisi kuwanyooshea kidole watu wa mbali.

Dada yangu anafanya biashara ya kuvuka ziwa. Anapeleka bidhaa Kalemie, upande wa Kongo, na kurudi na vitenge. Mwaka jana alinunua simu kwenye duka la kampuni moja ya mtandao hapa mjini, fedha taslimu, bila mkopo, hadaiwi shilingi. Alipofika Kalemie akanunua laini ya kule kama wafanyavyo wafanyabiashara wote, kwani kutumia laini ya Tanzania ng'ambo ya ziwa vocha inaisha kabla hujamaliza salamu. Simu ikaikataa. Laini za Burundi, zile za 642, nazo ingezikataa vilevile. Ikabidi anunue kitochi. Siku 3 alitembea na simu mbili sokoni: moja ya kusomea namba za wateja, nyingine ya kuzibonyeza. Picha za vitenge alizozoea kumtumia mteja wa Kigoma achague rangi hazikwenda, na akarudi na mzigo wa rangi ambazo huku hazikutoka haraka.

Nilichukua boksi la simu ile nikaligeuza pande zote. Pana picha ya simu, pana sifa za kamera, pana ofa ya bando la mwezi wa kwanza. Maneno ya kumwambia mnunuzi kwamba itakubali laini za kampuni moja peke yake hayamo. Nikaenda dukani. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri, akaandika IMEI kwenye daftari, akasema namba ya kufungulia itatoka makao makuu. Nimekwenda mara 4. Mara ya mwisho nilimwomba anifungulie ukurasa, nikaona mstari wetu uko pale pale, na nafasi ya mbele yake ni tupu.

Sipingi kampuni kuilinda fedha yake. Simu ya mkopo ikae imefungwa mpaka mteja amalize, hilo ni haki na mimi mwenyewe huwaambia wateja walipe. Lakini iliyolipwa taslimu, au iliyomaliza mkopo, inafungwa kwa ajili gani? Mkoa wetu umepakana na Burundi na Kongo. Watu wa Manyovu wana soko upande wa pili, na ukifika Kagunga simu inadaka mtandao wa Burundi ukiwa bado umesimama Tanzania. Kwetu laini ya nchi jirani ni kitendea kazi kama mizani.

Naiomba TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iyasimamie makampuni yaandike kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazoonekana, kwamba simu imefungwa na itafunguliwa lini. Naomba pia mteja aliyemaliza kulipa apewe namba ya kufungulia bure, hapa hapa kwenye duka la mkoa, siku hiyo hiyo, bila kuambiwa asubiri Dar es Salaam. Na wanunuzi nao, kabla hamjatoa fedha, azimeni laini ya mtandao mwingine, itieni, mpige simu mbele ya muuzaji. Inachukua dakika 2.

Dada anasafiri tena mwezi ujao. IMEI yake wanayo kwenye daftari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi simu,
Mwanga, Kigoma.