Barua kwa Mama kuhusu Zawadi

Rajkot, Gujarat, India

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, masomo yanaendelea. Joto la huku limeanza kupanda, usiku tunalowesha shuka ndipo usingizi uje. Nisalimie wote hapo Korogwe, na bibi mwambie dawa yake nitaituma kwa mwenzangu anayerudi mwezi ujao.

Tangu uliponipigia Jumapili sijatulia. Mdogo wangu Zawadi amepata 11 katika hesabu, daftari amelificha chini ya godoro, na anasema afadhali akajifunze cherehani. Na wewe, mama, kwa uchungu ukasema labda kichwa chake si cha shule. Ningekutumia ujumbe wa sauti, lakini hili nataka lisomwe, na Zawadi asomewe jioni mkishakula, akiwa amekaa karibu yako.

Juzi nilipanda bajaji, maana huku ndiko kwao, nikaenda katikati ya mji kuiona shule aliyosoma Gandhi. Iliitwa Alfred High School. Ilianza mwaka 1853, shule ya kwanza ya Kiingereza katika eneo lote hili la Saurashtra. Jengo lake la mawe, lenye matao yaliyochongoka juu, lilijengwa mwaka 1875 na Nawabu, yaani mtawala, wa Junagadh, likapewa jina la mtoto wa Malkia Victoria. Nilipokaa barazani nikawaza sana juu ya Zawadi, na nitakwambia kwa nini.

Sisi tulifundishwa Gandhi yule mzee wa fimbo na miwani, aliyewang'oa Waingereza India. Hapa alikuwa mtoto mwenye haya, anayekimbia nyumbani kengele ikilia ili asizungumze na mtu. Akiwa na miaka 13 wazazi wakamwoza, akapoteza mwaka mzima wa masomo. Ili kuufidia akarushwa darasa. Alipoingia la nne la sekondari akakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza, na hapohapo jiometri ndiyo inaanza. Mwenyewe ameeleza kwamba mwalimu alikuwa akifundisha vizuri tu, ila yeye haambulii kitu. Mara nyingi alikata tamaa, akatamani arudishwe darasa la nyuma. Kilichomzuia ni aibu ya kumwangusha mwalimu aliyempendekeza apandishwe.

Mama, huyo si Zawadi wetu? Miaka saba amesoma hesabu kwa Kiswahili, tena unakumbuka alivyokuwa akimfundisha jirani kugawanya kwa desimali kwa vipande vya muhogo. Januari amevaa sketi mpya, ameingia kidato cha kwanza, na pembe aliyokuwa akiijua tangu utoto ghafla si pembe tena, ina jina lingine la Kiingereza, na swali zima lina maneno asiyoyajua. Hapo hawezi kujua kama kinachomshinda ni hesabu au ni lugha. Hata mimi sikujua, nilikariri tu. Gandhi alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hesabu na sayansi alizozihangaikia miaka minne angezipata kwa mwaka mmoja kama angefundishwa kwa Kigujarati. Kama yeye alisema hivyo, tusimwambie mtoto wa miaka 14 kwamba hana kichwa.

Sasa sikiliza ilivyokwisha. Alijikongoja hadi akafika kanuni ya 13 ya Euclid, yule Mgiriki wa kale aliyeandika jiometri, na hapo, anasema, giza likamtoka. Akaona kumbe jiometri inataka mtu atumie akili yake tu, basi. Nimeitafuta kanuni hiyo. Inasema mstari ukisimama juu ya mstari mwingine ulionyooka, zile pembe mbili za kulia na kushoto zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Nyuzi 180! Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye daftari lililo chini ya godoro.

Kuna na lile la mkaguzi. Alikuja kuwapima kuandika maneno ya Kiingereza, Gandhi akakosea neno la birika. Mwalimu akamgusa kwa ncha ya kiatu achungulie kwa jirani. Hakuchungulia. Darasa zima likapata, yeye peke yake akakosa. Zawadi aliniambia kwenye simu kwamba wenzake walipitishiana majibu na yeye akaona haya. Kwa hiyo ile 11 ni yake, mama. Usimchape kwa ajili yake.

Jambo moja lilinigusa kuliko yote. Kisanskriti, lugha ya kale ya huku, kilimzidi, akasikia mwalimu wa Kiajemi ni mpole, akahamia huko. Mwalimu wa Kisanskriti, Krishnashankar Pandya, akahuzunika, akamwita, akamuuliza kama amesahau yeye ni mtoto wa nani, na akamwambia likimshinda jambo aje kwake. Mtoto akarudi. Mtihani wa kumaliza, mwaka 1887, alipata wastani wa asilimia 40 hivi. Alifaulu.

Shule yenyewe ilifungwa mwaka 2017, wanafunzi wakapewa hati za kuondoka, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kama makumbusho. Ni pasafi, kuta zimejaa picha na taa. Lakini nilitembea chumba hadi chumba nikitamani kusikia walau mtoto mmoja akikosea jibu. Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937, hadi leo kuna wavulana wanaamka alfajiri kwenda darasani, nami naona huko ndiko aliyesoma hapo ameheshimiwa zaidi.

Mama, nakuomba mawili. Jumatatu nenda naye shuleni, umtafute mwalimu wake wa hesabu wakati wa mapumziko, umwombe kwa heshima amruhusu Zawadi kuuliza kwa Kiswahili baada ya kipindi. Walimu wengi hawakatai, wanasubiri kuombwa. Na fedha niliyotuma kwa ajili ya bati, toa humo ununue kamusi nzuri, bati nitalitafutia nyingine.

Wewe Zawadi, toa hilo daftari. Chora mstari ulionyooka, usimamishe mwingine juu yake, uulaze upande wowote utakao. Kisha niandikie kwa Kiswahili chako, kwa nini pembe moja ikipungua nyingine lazima iongezeke. Umwombe mama apige picha, anitumie. Jumamosi sina kipindi, nitakuwa na simu mkononi toka asubuhi.

Mwanao na kaka yako,
Hamisi