Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa AEWA: bata bukini wa ziwani hawaingii kwenye namba moja

Kwa Katibu Mtendaji,
Mkataba wa Kuhifadhi Ndege wa Majini Wahamao wa Afrika na Eurasia (AEWA),
Bonn, Ujerumani.

YAH: MAKADIRIO YA BATA BUKINI KWENYE MAZIWA YA MAPUMZIKO

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Baada ya salamu, mimi ni mmoja wa watu wanaoamka gizani kwenda kusimama ukingoni mwa ziwa na darubini, daftari na kidude cha kubofyea hesabu, ili kujua bata bukini wangapi wamepumzika hapo wakiwa safarini. Ni kazi ya kujitolea na siilalamikii baridi yake. Ninalolalamikia ni kinachotokea baada ya daftari kufungwa. Msimu mmoja nilipeleka makadirio yenye kiwango cha chini na cha juu, nikaeleza na hali ya hewa ya siku ile. Ofisi iliyopokea, ambayo sitaitaja, ilichapisha namba moja ya katikati. Ukungu niliouandika ulifutwa, na namba ile ikaanza kunukuliwa kana kwamba bata wale walipita mlangoni mmoja mmoja wakikatiwa tiketi.

Nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wanaotumia hesabu zetu hawajawahi kuiona. Bata bukini hulala majini, ambako mbweha hawafikii kwa urahisi, na kunapopambazuka huruka kwenda mashambani kula punje zilizosalia na majani machanga ya ngano. Dakika hizo za kuondoka ndizo nafasi yetu. Hakuna anayewahesabu mmoja mmoja. Unahesabu kumi, macho yanashika ukubwa wa hao kumi, kwa kipimo hicho unakadiria mia, kisha unaifuata mia hiyo angani mpaka elfu. Kundi likiwa dogo, wahesabu wazoefu hawapishani sana. Likiwa la maelfu, wengi wetu huelekea kupunguza kuliko kuzidisha. Halafu kuna mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu baadhi yao hula mashambani usiku kucha, kwa hiyo unayeamka mapema kwa bidii zako zote unahesabu ziwa ambalo sehemu ya wenyeji wake hawakulala nyumbani.

Hapo bado hatujauliza ni bata wa aina gani. Chukua maziwa ya Kostanay, kaskazini mwa Kazakhstan, kama Kulykol. Wakati wa vuli hupita hapo makundi makubwa ya bata bukini wenye paji jeupe, na ndani yao wamo wachache wa kifua chekundu na wale wadogo wa paji jeupe, ambao ndio hasa mkataba wako unawahangaikia. Katika mwanga hafifu wa alfajiri, kundi likiwa angani, huwezi kuwatenganisha wote. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa hatua mbili: asubuhi unakadiria jumla ya bata wote wanaotoka ziwani, kisha unawafuata mashambani na kuchunguza sehemu ya makundi ili ujue kila aina ni wangapi katika mia. Unazidisha, unapata jibu.

Jibu hilo ni zao la makadirio mawili, na kila moja lina kosa lake. Tuseme asubuhi umekadiria bata 200,000. Ukikuta mashambani kifua chekundu wawili katika kila mia, unaandika 4,000. Ukikuta watatu, unaandika 6,000. Ndege mmoja katika mia, labda aliyekuwa nyuma ya tuta wakati unageuza darubini, anabadilisha hesabu ya aina nzima kwa nusu yake. Tena kifua chekundu hawajichanganyi sawasawa kama chumvi kwenye maji. Hukaa kwa vikundi ndani ya kundi kubwa, kwa hiyo aliyechungulia ukingo mmoja wa shamba na aliyechungulia mwingine wanaweza kurudi na majibu tofauti, na wote wawili wakawa wakweli.

Lililo gumu zaidi ni kwamba ziwa la mapumziko ni kama stendi ya mabasi. Ukipiga picha stendi saa sita mchana, hujajua ni abiria wangapi wamepita siku hiyo. Tuseme ziwani hulala bata 10,000 kila usiku kwa siku 30. Ukijumlisha idadi ya kila usiku unapata 300,000. Ikiwa kila bata hukaa siku 10 kwa wastani kabla ya kuendelea na safari, basi waliolitumia ziwa ni 30,000, mara tatu ya kundi ulilowahi kuliona kwa macho. Ikiwa hukaa siku 15, ni 20,000. Muda huo wa kukaa haujulikani kwa kutazama tu. Hupatikana kwa pete za shingoni zinazosomeka kwa darubini na kwa vifaa vya kufuatilia kwa satelaiti. Na upande wa pili, maziwa mawili ya jirani yakihesabiwa siku tofauti, bata yuleyule anaweza kuandikwa mara mbili.

Mambo haya yana uzito wa kisheria, Mheshimiwa. Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu, unalitambua ziwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikiwa kwa kawaida linabeba asilimia 1 ya ndege wa jamii fulani. Anayehesabu kundi la siku moja tu anaweza kuliangusha ziwa ambalo msimu mzima linahudumia mara mbili ya kiwango hicho. Na kwenye Bahari Nyeusi, kwenye maziwa ya Durankulak na Shabla nchini Bulgaria, idadi ya kifua chekundu wakati wa baridi hupanda na kushuka kufuatana na theluji na barafu ya nchi za kaskazini yao. Januari ikiwa ya joto, wengi wanaweza kubaki nyuma. Asiyejua hilo husoma namba ndogo na kutangaza msiba. Mwaka unaofuata husoma kubwa na kutangaza sherehe.

Siandiki kana kwamba ofisi yako haijui. Mpango wa bata bukini wa miguu ya waridi wanaozaliana Svalbard, visiwa vya Norwei vya Aktiki, uliopitishwa chini ya AEWA mwaka 2012, ulilenga jamii ya takriban 60,000, na uwindaji wake huko Norwei na Denmark hurekebishwa kwa kutazama hesabu pamoja na mashaka yake. Tangu 2016 mna jukwaa la Ulaya la kusimamia bata bukini linalofanya kazi hiyo kwa aina kadhaa. Ninachosema ni kwamba uangalifu huo umewafikia ndege walio wengi na wanaopita nchi zenye wahesabu wengi. Wale adimu, wanaotua kwenye maziwa ya nyika ambako wahesabu ni wachache, ndio wanaobaki na namba tupu.

(Nikiri pembeni: jina letu la Kiswahili halinisaidii. Bukini ni jina la zamani la Madagaska, na bata ninaowasema hapa wanazaliana karibu na Aktiki. Nimeshazoea kulieleza.)

Ombi langu ni moja. Makadirio yoyote ya ziwa la mapumziko yanayoingia kwenye ripoti za nchi wanachama yawe na kiwango cha chini na cha juu, idadi ya asubuhi zilizohesabiwa, ukubwa wa sehemu iliyochunguzwa mashambani, na maelezo kama muda wa kukaa umezingatiwa. Droni na kamera za joto zitasaidia, ila hata picha bora kuliko zote haisemi bata aliyemo alifika jana au wiki mbili zilizopita. Amerika Kaskazini waliona jambo hili kwa njia nyingine. Makadirio yaliyotokana na pete zilizorudishwa na wawindaji, kwa kanuni aliyoitumia mtaalamu wa ndege Frederick Lincoln mwaka 1930 (sehemu ya bata wa pete iliyowindwa huonyesha ni sehemu gani ya bata wote iliyowindwa, na kutoka hapo hupatikana jumla), yalionyesha bata bukini weupe wa katikati ya bara kuwa mara kadhaa ya waliohesabiwa wakati wa baridi. Tofauti ya kiasi hicho haitoki kwenye uzembe wa macho ya mtu mmoja.

Gharama ya ninachoomba ni safu chache kwenye fomu na mtu wa kuzisoma. Zikiongezwa kabla ya vuli, zitatukuta ziwani. Zisipoongezwa, nitaendelea kuandika viwango vyangu viwili ndani ya kisanduku kimoja, kwa mwandiko mdogo, hata kama mstari utakatika.

Wako mtiifu,
Mhesabu ndege wa kujitolea