Mpira wa mlango wa oveni: umekakamaa au umelainika?

Silikoni, inayotengenezewa mpira wa mlango wa oveni, haiyeyuki kama plastiki. Ndiyo maana joto huanza kuvuja pembeni mwa mlango wa oveni ya mikate huku mpira ukionekana mzima. Kabla ya kuutupa, ubonyeze kwa kucha, kisha ukunje kipande chake. Mpira wa zamani huonyesha kilichouharibu.

Ukiwa mgumu na kupasuka unapokunjwa, umeharibiwa na joto pamoja na hewa. Mpira huu umejengwa kwa minyororo ya atomi za silicon na oksijeni, inayostahimili joto kuliko ile ya kaboni iliyomo kwenye mpira wa kawaida. Udhaifu wake ni vikundi vya methili (vishada vidogo vya kaboni na hidrojeni) vilivyoning'inia pembeni. Joto likizidi nyuzi 200 kwa muda mrefu, oksijeni ya hewani huvishambulia, na minyororo hufungana yenyewe kwa yenyewe. Kila fundo jipya hupunguza mnyumbuko.

Ukiwa laini na wenye kunata, minyororo imekatika. Hilo hutokea mahali pasipofikiwa na hewa, kama ndani ya mfereji wa chuma unaoushika mpira, au penye mvuke mwingi. Kwa bomba la mvuke lenye zaidi ya nyuzi 120 mfululizo hatupendekezi silikoni hata kidogo, chukua EPDM, aina nyingine ya mpira wa sintetiki.

Kuna pia mpira usiopasuka wala kunata, ila umebaki bapa. Upime. Tuseme ulikuwa na unene wa milimita 10, mlango unaubana hadi 7.5, na ukiufungua unarudi 8.5 tu. Umepoteza 1.5 kati ya 2.5, yaani asilimia 60. Sisi huubadilisha ukipita nusu, kwa sababu hausukumi tena chuma.

Ule wenye nyuzi za glasi ndani hudanganya zaidi. Glasi haizeeki kwa joto la oveni, kwa hiyo ukiuvuta utauona imara wakati ngozi ya silikoni imeshajaa nyufa. Ukunje, usiuvute.

Unaponunua, choma kipande kidogo: silikoni huacha majivu meupe, mpira wa kawaida hutoa moshi mweusi na masizi. Majivu meupe hayathibitishi ubora, maana chokaa iliyojazwa kupunguza gharama nayo ni nyeupe. Rangi nyekundu mara nyingi hutokana na oksidi ya chuma, ambayo kweli huongeza ustahimilivu wa joto, lakini rangi yoyote inaweza kupakwa. Muulize muuzaji kama mpira ulipitishwa tanuri ya pili, yaani kuokwa tena kiwandani baada ya kufinyangwa, kwa kawaida saa 4 kwenye nyuzi 200. Usipopitishwa, mabaki ya kemikali hutoka kwenye mpira ndani ya oveni yako, karibu na mikate, na mpira husinyaa.

Safisha mfereji kwa spiriti. Usitumie petroli, huvimbisha silikoni. Kata mpira urefu uzidi kwa asilimia 1 hadi 2, uusukume ndani bila kuuvuta, la sivyo utafunguka kwenye kona. Kiungo kiwe chini katikati, ambako joto ni dogo. Gundi ya silikoni iachwe saa 24 kabla ya kuwasha oveni.